Tahariri: Miaka 50 ya lori la Daraja Mbili

Kenya imewahi kuwa na magari mawili ya taifa. La kwanza lilikuwa letu kwa wazo, kwa jina na kwa hati, na hakuna mfanyabiashara wa soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, aliyewahi kulipakia hata mkungu mmoja. La pili halijawahi kuwa letu kikamilifu hata siku moja, na bila hilo ndizi nyingi za Gusii zingeivia shambani.

La kwanza ni Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, hata likiwa na sura mbaya na mwendo wa kujikokota. Wahandisi wakaunda. Magari matano ya majaribio yakatengenezwa, yakaonyeshwa umma mwaka 1990, na moja likaripotiwa kufikisha kasi ya kilomita 120 kwa saa. Shirika la Nyayo Motor likaanzishwa ili yazalishwe kwa wingi, pesa zikakosekana, na mitambo ikaishia mikononi mwa Numerical Machining Complex, ambayo kazi yake ni kuchonga vyuma vya viwanda vingine. Hatuyasemi haya kwa kejeli. Wahandisi wale walitimiza walichotumwa. Kilichokosekana ni mtaji, mnunuzi, duka la spea, na fundi wa Keroka anayeweza kulifungua gari hilo barabarani saa nane za usiku na kulifunga tena kabla ya mapambazuko.

La pili ni Isuzu. Mwaka 2025, kampuni inayoitwa sasa Isuzu East Africa ilitimiza miaka 50 tangu mkataba wa 1975 kati ya serikali ya Kenya na General Motors ya Marekani. Tunaipongeza, tena kwa moyo mweupe. Kisha tutaiuliza maswali, kwa sababu aliyefikisha nusu karne hasifiwi kama mtoto aliyeanza kutembea.

Turudi kwanza miaka ya sabini. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla mwaka 1973, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na kila gari lililoshuka Mombasa likiwa zima lilikula sehemu ya akiba hiyo. Serikali ikakata shauri: magari yaje vipande vipande ndani ya makreti, yaunganishwe hapa, vijana wapate kazi, na polepole vipande vinavyoweza kutengenezwa nchini vitolewe kwenye makreti hayo. Katika muda mfupi nchi ikapata viwanda vitatu vya kuunganisha magari. Leyland ilijenga Thika, kiwanda ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Associated Vehicle Assemblers ikajenga Miritini, Mombasa. General Motors Kenya ikajenga Nairobi, kwenye eneo la viwanda kando ya Barabara ya Mombasa, na magari yakaanza kutoka mwaka 1977. Katika viwanda vyote vitatu serikali ilishika hisa pamoja na wageni. Kwa General Motors, mkono wa serikali ulikuwa ICDC, shirika la maendeleo ya viwanda na biashara.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huo ndio uliokuwa moyo wa mkataba. Je, mwenyeji amepona? Jibu linategemea unasimama wapi. Sisi tunasimama Daraja Mbili.

Mwaka ule wa 1977 ulikuwa mwaka wa kahawa. Baridi kali iliyoua mibuni ya Brazil mnamo Julai 1975 ilikuwa imepandisha bei duniani, na Gusii ilikuwa na kahawa ya kuuza. Ikumbukwe kwamba Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu chache ambako serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kupanda zao hilo miaka ya thelathini, wakati walowezi wa Kiambu walipokuwa hawataki hata kulisikia wazo lenyewe. Kulikuwa na pareto pia, maua yaliyokaushwa juani na kusafirishwa hadi Nakuru. Kulikuwa na majani chai yaliyokuwa yakizidi kuenea upande wa Nyamira, ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Kisii. Mazao hayo matatu yalikuwa na tatizo moja: yanalimwa juu ya vilima, kwenye udongo unaoteleza mvua ikinyesha, na mvua ya Gusii haina adabu ya kusubiri msimu. Gari la starehe halikuwa na kazi huko. Kilichohitajika ni lori lenye gia nzito, injini ya dizeli isiyochagua dereva, na springi zinazokubali kuteswa.

Bedford, lililoundwa na kampuni ya Uingereza ambayo nayo ilikuwa mali ya General Motors, ndilo jina ambalo wazee wengi bado wanalo midomoni wakikumbuka malori ya enzi hizo. Lakini lililobaki na kuota mizizi ni Isuzu, kwa sababu ambayo mtu wa kawaida hakuijua wakati huo. Tutaifikia.

Atakayetaka kuona jubilei hii kwa macho asiende kwenye hoteli ya Nairobi yenye mapambo na hotuba. Aje Daraja Mbili siku ya soko, Jumatatu au Alhamisi, mapema kabla barabara haijajaa mikokoteni. Atakuta malori yamerudi nyuma hadi karibu na mafungu ya ndizi, na mengi yana jina moja kwenye paji la uso. Mikungu haitupwi ovyo ndani. Kwanza sakafu hutandikwa majani makavu ya mgomba. Kisha mikungu husimamishwa, mmoja ukiegemea mwenzake, mikia ikielekezwa upande mmoja ili vidole visichubuane, na kila safu hutenganishwa na inayofuata kwa majani mengine. Anayepanga ni mtu mwenye ujuzi na analipwa kwa ujuzi huo. Mkungu uliochubuka Kisii huwa mweusi kabla ya kufika Nakuru, na mnunuzi wa soko la Wakulima, Nairobi, hana huruma kwa ndizi nyeusi. Tanboi ameshaweka jiwe nyuma ya gurudumu, maana ardhi ya hapa haijui kulala tambarare, na breki ya mkono ni jambo la imani. Turubai likishafungwa, dereva ana zaidi ya kilomita 300 mbele yake, na akina mama waliomkabidhi mali wanarudi nyumbani bila risiti nyingine zaidi ya namba ya simu na uhakika kwamba lori litafika.

Uhakika huo ndio mtaji wa kampuni hii. Muulize fundi yeyote wa mjini Kisii kwa nini Isuzu, naye hatakutajia tangazo la redio. Atakuonyesha kichwa cha lori. Katika malori ya aina ya N na F, yale tunayoyaita NKR, NPR, NQR, FRR na FSR kana kwamba ni majina ya ukoo, kichwa hufunguliwa komeo na kuinamishwa mbele, injini ikabaki wazi kama sufuria iliyofunuliwa. Fundi haingii chini ya gari kutafuta tatizo kwa kupapasa, anasimama wima na kulitazama. Kwenye pikapu, injini za 4JA1 na 4JB1 zimekaa nchini muda mrefu hivi kwamba kijana aliyeacha shule darasa la nane anaweza kukupangia vipuri vyake kwenye gunia kwa mpangilio wa kuvirudisha. Ujuzi huo haumo katika hesabu za kampuni. Hakuna mwanahisa, wa Marekani wala wa Japani, aliyeulipia. Ulijengwa na jua kali, kwa vidole vilivyokatika kucha, na ndiyo sababu moja kubwa iliyofanya mtu akope pesa anunue Isuzu badala ya lori jingine lenye bei nafuu zaidi.

Kuna mikono mingine pia isiyotajwa kwenye hotuba za jubilei. Lori au basi likitoka kiwandani, mara nyingi huwa ni kichwa na chesi tu. Bodi hujengwa kwingine: Labh Singh Harnam Singh, Banbros, Malva, Choda, na wengine wadogo wasio na vibao. Huko ndiko kunakochomelewa fremu ya matatu ya abiria 33, kunakopangwa viti vya basi la shule, kunakopakwa ile rangi ya manjano ambayo sheria ya 2017 iliifanya lazima kwa mabasi ya wanafunzi. Betri, vioo, springi, rangi na viti ni miongoni mwa vitu ambavyo viwanda vya Kenya vimekuwa vikiviuzia viwanda vya kuunganisha magari kwa miaka mingi. Ukiona basi la shule ya upili likipanda kilima cha Nyamira limejaa wanafunzi wanaoimba, sehemu kubwa ya unachokiona imetengenezwa na Wakenya. Usichokiona, kile kinachovuta, ndicho kilichokuja ndani ya kreti.

Majani chai yanahitaji sentensi zake. Jani lililochumwa asubuhi linaanza kuharibika saa ile ile, na kiwanda cha Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Nyansiongo, Ogembo au Nyamache hakiwezi kutengeneza chai nzuri kutokana na majani yaliyochemka ndani ya gunia. Kwa hiyo malori ya kukusanya majani huzunguka vituo vya kununulia kwa ratiba, kwenye barabara ambazo nyingine hazistahili jina hilo. Mkulima aliyesimama kituoni na kikapu chake akisubiri lori lililokwama kwenye tope anajua kuliko mchumi yeyote maana ya gari lisilofika. Isuzu imefanya kazi hiyo miaka na miaka. Haikuwa peke yake, lakini imeifanya vizuri, na hilo ni jambo la kushukuru hadharani.

Sasa tuingie kwenye miaka ya tisini, ambayo iliuma. Serikali ililegeza masharti ya uagizaji na ya fedha za kigeni, na magari yaliyotumika yakaanza kumiminika, kwanza kupitia Dubai na kisha moja kwa moja kutoka Japani. Mwananchi wa kawaida alinufaika, tusidanganyane. Mwalimu ambaye asingeota kumiliki gari jipya alipata Corolla yenye miaka kadhaa mgongoni, na ikamtosha. Lakini viwanda vitatu vilivyojengwa kwa ahadi ya soko lililolindwa viliachwa vikitumia sehemu ndogo ya uwezo wake. Uunganishaji wa magari madogo ulidhoofika kabisa. Peugeot 504, gari lililokuwa likiwapeleka watu wa Kisii Nairobi kabla hata mabasi hayajazoeleka, iliendelea kuunganishwa Mombasa hadi miaka ya mwanzo ya karne hii, kisha ikakoma. Nafasi yake barabarani leo imechukuliwa na Probox, ambayo kwenye barabara ya kwenda Kilgoris hubeba watu wengi kuliko walivyodhania wahandisi wa Toyota. Sheria inakataza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane kuingia nchini, kwa hiyo Probox nyingi hufika zikiwa na miaka saba na matumaini.

General Motors ilipona kwa kujua nani mteja wake. Haikung'ang'ania gari dogo. Ilishikilia lori, basi na pikapu, vyombo ambavyo vyama vya ushirika, shule, serikali na wafanyabiashara wa mazao huhitaji vikiwa vipya na vyenye dhamana. Sheria za matatu za mwaka 2004, zilizosukumwa na waziri John Michuki, zilileta mikanda na vidhibiti mwendo, na baadaye serikali ikaanza kuyabana matatu ya abiria 14 na kusukuma wenye magari waungane katika SACCO na kununua mabasi makubwa zaidi. NQR ya abiria 33 ikakuta mlango uko wazi. Kwa zaidi ya mwongo mmoja sasa, Isuzu ndiyo imeongoza mauzo ya magari mapya nchini.

Wakati huo huo, mwenye nyumba alikuwa mgonjwa. Tarehe 1 Juni 2009 General Motors iliomba ulinzi wa mahakama ya kufilisika huko Marekani, na hazina ya serikali ya nchi hiyo ikaishia kumiliki takriban asilimia 60 ya hisa zake. Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo afurahie. Kwa muda fulani, viongozi wa Afrika Mashariki waliokuwa wamehubiriwa kuuza mashirika ya umma waliendesha pikapu zilizounganishwa na kampuni ambayo mama yake, kule Detroit, alikuwa shirika la umma. Kiwanda cha Nairobi hakikufungwa. Magari yaliendelea kutoka getini.

Kisha ikaja 2017. Mwezi Februari mwaka huo General Motors ilitangaza kwamba inauza asilimia 57.7 ya hisa zake katika kampuni ya Nairobi, na mnunuzi ni Isuzu Motors ya Japani. Asilimia 20 zilikuwa za ICDC, 17.8 za Centum, na 4.5 za kampuni ya biashara ya Itochu, ya Japani pia. Mwaka huo huo Wamarekani hao waliuza Opel kule Ulaya na kuaga Afrika Kusini. Kenya ilikuwa karatasi moja tu katika faili nene. Jina la kampuni likabadilika, bango likabadilika, na mkurugenzi Rita Kavashe, aliyeshika usukani tangu 2011, akaendelea kuuongoza msafara ule ule wa wafanyakazi wale wale. Daraja Mbili haikujua kitu. Malori yalikuwa yakiitwa Isuzu tangu zamani, kwa hiyo mwenye mali alikuwa tu amechukua jina lililokuwa tayari mdomoni mwa wateja.

Na hapa ndipo ile sababu tuliyoiahirisha inapotakiwa. Kwa nini Wamarekani wa General Motors walituletea malori ya Kijapani? Kwa sababu Isuzu nayo ilikuwa chini ya wageni. Mwaka 1971, miaka minne kabla ya mkataba wa Kenya, General Motors ilinunua asilimia 34.2 ya Isuzu Motors. Baadaye iliongeza hadi asilimia 49. Kwa maneno mengine, Nairobi na Tokyo zilikuwa kwenye meza moja, zote zikimwangalia bwana mmoja wa Detroit. Bwana huyo alipoanza kuishiwa nguvu, aliuza hisa zake zilizobaki za Isuzu mwaka 2006. Miaka 11 baadaye, Isuzu ilirudi na kununua kutoka kwake sehemu yake ya Kenya. Aliyekuwa akimilikiwa alinunua tawi la aliyekuwa mmiliki wake.

Rudi nyuma zaidi na mambo yanazidi kutuhusu. Mwaka 1953 Isuzu ilitia saini mkataba na kampuni ya Rootes ya Uingereza na kuanza kuunganisha gari dogo liitwalo Hillman Minx. Vipande vilitoka Uingereza kwenye makreti. Wafanyakazi wa Kijapani walivifungua, wakaviunganisha, wakauza. Ni picha ile ile ya Barabara ya Mombasa, ila mapema kwa miaka 24. Tofauti ni kwamba kufikia 1957 kila kipande cha gari hilo kilikuwa kikitengenezwa Japani. Miaka minne. Walilipa ada ya leseni, wakasoma kila boliti, wakawapa viwanda vyao kazi ya kuiga, na kreti la mwisho likafunguliwa. Wizara yao ya viwanda iliwabana Waingereza na Wajapani wote wawili hadi ratiba hiyo ikatimia. Baada ya hapo waliendelea kuunda magari yao wenyewe, na walipokuja kununuliwa na Wamarekani walikuwa tayari na kitu ambacho mnunuzi hakuwa nacho, yaani injini ndogo za dizeli ambazo dunia nzima ingezitaka.

Kwa hiyo hoja yetu haiko kwenye pasipoti ya mwenye hisa. Isuzu iliishi chini ya wageni kwa miaka 35 na ikatoka ikiwa na nguvu zaidi. Mgeni hakuifanya dhaifu kwa sababu kila kilichokuwa ndani ya lori kilikuwa tayari kichwani mwa watu wake. Sisi tulifunga ndoa na General Motors mwaka 1975 tukiwa hatuna injini, na miaka 50 baadaye bado hatuna injini. Hiyo ndiyo sehemu ya jubilei ambayo haifai kupigiwa vigelegele.

Lawama yote si ya kampuni. Soko la Kenya ni dogo, na kalibu ya kumimina bloku ya injini hailipi kwa magari machache. Sera zetu zimekuwa kama pendulo: leo tunalinda viwanda, kesho tunafungua bandari, keshokutwa tunatangaza sera nyingine ya magari. Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze mwaka 2005, vipande vya kuunganisha vimekuwa vikiingia bila ushuru wa forodha huku gari zima likitozwa, na hilo limesaidia kuviweka viwanda hai. Lakini msamaha wa ushuru unaompa mtu nafuu ile ile akiunganisha asilimia ndogo au kubwa ya gari hapa nchini haumshawishi kuongeza chochote. Mjapani wa 1953 alikuwa na tarehe ya mwisho. Mkenya wa 1975 hakupewa, na aliyeingia naye mkataba hakuwa na sababu ya kujiwekea.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni kiburi cha kitaifa, kwamba kinachomhusu mfanyabiashara wa ndizi ni bei na si asili ya injini. Tunakubali nusu. Bei inamhusu, na inamuumiza: lori jipya liko mbali na mkono wake, na wengi wa wanaobeba mikungu Daraja Mbili wanaendesha Isuzu iliyofika imetumika kutoka Japani, ambayo haikuwahi hata kupita getini kwa kiwanda tunachokipongeza. Wengine wanaendesha iliyotoka kiwandani hapo miaka 20 iliyopita na kubadilishwa karibu kila kitu isipokuwa namba ya chesi. Lakini bei ya lori hilo jipya imebeba ndani yake gharama ya meli, bima, yeni na dola. Shilingi ikianguka, mkungu wa ndizi unalipa. Spea halisi ni ghali kwa sababu hiyo hiyo, na spea feki zinastawi kwa sababu hiyo hiyo, na klachi feki ikikatika kwenye mteremko usiku mvua ikinyesha, mjadala kuhusu asili ya vipuri haubaki tena wa wachumi peke yao.

Hivyo tunapoipongeza kampuni hii, tunaomba vitu vitatu, na tunaziomba pande mbili.

Kwa kampuni yenyewe: chapisheni, kila mwaka, ni sehemu gani za lori zinazotengenezwa Kenya na ni zipi mpya zilizoongezwa. Si kwa asilimia ya jumla inayoweza kupimwa kwa njia kumi, ila kwa majina ya vipuri. Mwaka huu tangi la mafuta, mwaka ujao bomba la moshi, mwaka unaofuata kitu kigumu zaidi. Wenye viwanda vidogo wakiona orodha watajua waelekeze wapi mashine zao. Pili, mkumbuke mafundi. Mjini Kisii kuna chuo cha kitaifa cha ufundi, kile kilichoanza kama Gusii Institute of Technology kwa michango ya harambee ya wananchi wa hapa. Vijana wake wanahitaji injini za sasa za kufungua, zenye kompyuta na mifumo mipya ya kudunga mafuta, kwa sababu malori mapya hayatengenezwi tena kwa kusikiliza mlio na kunusa moshi. Fundi wa jua kali aliyeijengea chapa hii jina lake anaelekea kuachwa na umeme uliomo ndani ya lori. Akiachwa yeye, mnunuzi naye atafikiria mara mbili, maana malori ya Kichina yameshaingia sokoni na mafundi wake wanajifunza haraka.

La tatu tunalielekeza kwa serikali. Hisa za ICDC sasa ziko chini ya Kenya Development Corporation, shirika lililoundwa mwaka 2020 kwa kuunganisha ICDC na taasisi nyingine mbili. Hisa hizo zimetuletea gawio, na gawio ni jambo zuri. Lakini hazikununuliwa mwaka 1975 kwa ajili ya gawio. Zilinunuliwa ili mwenyeji akae ndani ya chumba mgeni anapoamua nini kiendelee kuja kwenye kreti na nini kianze kutengenezwa hapa. Kila serikali inapobanwa na madeni, mtu hutokea na wazo la kuuza mali za namna hii. Kabla halijafika bungeni, tungependa kuona barua moja kutoka kwa Kenya Development Corporation kwenda kwa wanahisa wenzake wa Japani, ikiuliza lini kipande cha kwanza cha injini kitamiminwa nchini, ni kipi, na kitaunganishwa kwenye lori lipi. Wenzetu wa Japani wanajua kuijibu barua hiyo. Walishaiandika wenyewe mwaka 1953, wakiwaandikia Waingereza.